Kibali cha kibanda changu Ntobeye kilivyokwama kwenye maharage ya shangazi

Wakuu, heshima kwenu. Mimi si mwandishi. Nitasimulia kama ilivyokuwa, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Ni fundi baiskeli, Biharamulo mjini. Kwetu ni Ntobeye, Ngara. Tangu mzee afariki, nikienda nyumbani nalala kwa baba mdogo na watoto wake wananipisha kitanda. Nikaona nijenge kibanda changu, chumba kimoja na baraza, tofali nafyatua na kuchoma mwenyewe.

Ramani nilichora kwa mkono. Msiombe kuiona.

Kwetu kupata kibali cha kujenga unaanza na kikao cha familia, kisha majirani wa mpakani, ndipo mtendaji wa kijiji. Baba mdogo na kaka zangu hawakuwa na neno. Nikachagua kipande cha chini cha shamba la familia, udongo mzuri, view ya bonde lote.

Mtendaji alipokuja kukagua saiti akakuta maharage. Akauliza ya nani. Baba mdogo akajibu ni ya dada yake, ila huyo analima tu.

Kwa wasiojua: shangazi aliachika akarudi nyumbani. Kwa desturi yetu anapewa pa kulima vitu vya msimu. Migomba au kahawa hapandi, maana ukipanda cha kudumu umeshajimilikisha. Kikaoni hatukumwita. Hata mimi sikuwaza.

Tukiwa bado pale na mtendaji, shangazi akaja na jembe lake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Kisha akasema taratibu:

"Mwanangu, maharage yangu msimu ukiisha yanang'oka. Tofali zako nani atazing'oa?"

Mtendaji akafunga begi lake. Akasema tukaongee kwanza, yeye hagongi muhuri juu ya maharage ya mtu.

Baba mdogo alikasirika, na nisimwonee. Ndiye aliyempokea dada yake wakati wengine walisema arudi kwa mume. Anachohofia ni watoto wa shangazi, ambao ni wa ukoo mwingine, kuja kudai shamba baadaye. Hofu yake ina maana. Ya shangazi pia ina maana. Mimi nilitaka baraza tu.

Kikao cha pili shangazi aliitwa. Nikasema nahamia juu kwenye mawe, karibu na njia, pasipolimika. View hakuna, vumbi lipo. Halafu nikaomba shangazi aruhusiwe kupanda migomba kwenye kipande chake.

Baba mdogo akamwambia dada yake bila kumtazama, "Panda. Ila isiandikwe."

"Kwani nitakula karatasi? Nitakula ndizi," shangazi akamjibu. Watu wakacheka, baba mdogo naye akacheka.

Kibali nikapata. Msingi umeisha, na migomba ya shangazi imeshika.

Nilichojifunza: kwenye ardhi ya familia usiulize tu nani mrithi. Uliza na nani analima pale.

Ila sina amani kamili. Kibanda changu kina muhuri, migomba yake ina neno la mtu mmoja tu, naye umri umekwenda. Nimsukume baba mdogo iandikwe angali hai, au nitavuruga walichopatana wenyewe?

Mliopitia haya naombeni mawazo, hata ya kunikosoa.