Siku Mashine Yangu ya Kunyolea Ilipokataa Kutoka Kwenye Taulo

Hii nimeificha miaka minne, na ningeendelea kuificha kama Ekai, mwenzangu wa jeshini, hangekuja kwa harusi yangu juzi akaanza kuisimulia mbele ya wakwe, tena akiisimulia vibaya, akiongeza chumvi (eti nililia mbele ya Meja, uongo mtupu, nililia siku iliyofuata), kwa hivyo nimeona afadhali niitoe kwa mdomo wangu mwenyewe, aibu ni yangu, wacha niigawe mimi.

Nilikuwa kuruta wa jeshi. Kambi tuliyofunzwa ilikuwa nje kidogo ya mji wa Isiolo, na kama unaijua Isiolo basi unaujua upepo wake, ule wa kubeba vumbi na mifuko na kofia za watu bila kuuliza mwenyewe ni nani. Sasa kambini kulikuwa na ukaguzi, na ukaguzi maana yake kila kuruta anatandika taulo lake jeupe nje, mbele ya bweni, na juu ya taulo anapanga vifaa vyake vya usafi: mashine ya kunyolea (ile ya chuma, ya kufungia wembe kichwani), brashi ya kupaka povu, kipande cha sabuni, mswaki, kichana, kikata kucha na kioo kidogo. Vyote mstari mmoja, na kati ya kitu na kitu ni vidole viwili, si viwili na nusu. Mkufunzi wetu, Sajenti Mutuma, mtu wa Meru mwenye sauti ya kutosha kambi mbili, alikuwa anapima na uzi. Kichana kikipinda kidogo tu, taulo lako lote linapinduliwa kwa buti, na wewe unaruka kichura hadi aseme basi.

Changu kilikuwa kinapinda kila siku. Napanga vizuri, nainuka, nasimama wima, upepo unapita, mswaki unalala upande na kichana kinaelekea Marsabit. Wiki mbili mfululizo niliruka kichura mpaka nikawa nashuka ngazi kwa kurudi nyuma kwa sababu ya magoti.

Basi Jumapili moja mchana, baada ya kufua, nilikuwa nabandika soli ya kiatu kwa supaglu, ile gundi ya kachupa kadogo inayoshika vidole kabla haijashika kiatu, na kukabaki tone. Tone moja, jamani. Nikajiambia, wacha nishikishe kichana peke yake, ndicho kinanisumbua. Nikakibandika kwenye taulo. Kikatulia, nikafurahi, nikafikiria mswaki nao, na brashi, na kwa vile chupa bado ilikuwa inatoa kidogo ukiifinya, nikatafuta kipande cha mbao nyembamba cha boksi la mboga, nikabandika taulo juu ya mbao ili lisikunjike, na juu yake nikabandika kila kitu, hata sabuni. Vidole viwili kati ya kitu na kitu. Nilipomaliza nilikuwa na sinia la vifaa ambalo ningeweza kulibeba kwapani, na kusema kweli nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote waliowahi kuvaa buti nchi hii.

Asubuhi wenzangu wanaamka mapema kupanga, mimi nimelala. Filimbi ikilia nachomoa sinia chini ya kitanda, naweka chini, nasimama. Upepo ukija unakuta kazi imeisha.

Siku ya tatu Sajenti Mutuma alisimama mbele yangu, akanyoosha uzi, akautazama, akaunyoosha tena. "Makuruta, kujeni hapa nyote! Muone vile kijana wa Kulamawe amepanga! Huyu Halake hata upepo inamheshimu!" Hapo ningenyamaza. Lakini akaniuliza nafanyaje, na mimi mbele ya makuruta arobaini nikatoa hotuba (mpaka leo nikikumbuka nafunika uso) kuhusu mkono uliotulia na nia safi na kumtanguliza Mungu.

Shida ikawa moja tu, kunyoa. Mashine yangu ilikuwa imeshikwa na gundi, na mimi kwetu wanaume tuna ndevu, ukinyoa asubuhi jioni zimerudi. Nikaenda kwa Ekai, Mturkana wa kule Gotu tuliyekuwa tunalala kitanda cha juu na cha chini. Ekai ndevu zake ni saba, tulizihesabu pamoja. "Ejok, buda, chukua tu," akasema (ejok kwao ni sawa), "mashine yangu inakaa bure." Ikawa mimi namuoshea sahani na yeye ananipa mashine, na kukopeshana wembe kambini ni kosa kubwa, lakini nani angejua?

Sasa ikakaribia Jumamosi ya wageni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuingie, na baada ya hapo tungepelekwa mbali kumalizia mafunzo, miezi mingine mingi bila kuona mtu wa nyumbani. Mama yangu alikuwa ametuma neno kwamba anatoka kwetu Kulamawe na lori la mbuzi la asubuhi, na lori hilo hilo lingemrudisha alasiri. Mama hakutaka niingie jeshi. Siku niliyoondoka alikataa kutoka nje kuniaga, alikaa ndani akijifanya anatafuta kitu. Kwa hivyo kuja kwake kulikuwa ni kunisamehe, na mimi nilikuwa nahesabu siku kama mtoto anayesubiri Idd. Na sharti lilikuwa hili: ukianguka ukaguzi wa Ijumaa, mgeni wako humwoni.

Mimi wasiwasi sikuwa nao. Kuruta wa mfano ana wasiwasi gani?

Ijumaa asubuhi maji yakakatika. Mifereji yote mikavu. Nikajinyoa bila maji na mashine ya Ekai, wembe ule ule tuliokuwa tumeutumia tangu mwanzo wa mwezi, haukati tena, unavuta tu. Nilipopapasa shavu nikasikia mchanga. Nikajiambia nani atapapasa?

Ukaguzi ule ulikuja na mgeni, Meja mmoja mwembamba, mtaratibu, anayeongea polepole. Sajenti Mutuma hakumzungusha, alimleta moja kwa moja hadi kwa taulo langu, kifua mbele. "Afande, huyu ndiye nilikuwa nakuambia."

Meja akaangalia taulo. Akatingisha kichwa, ameridhika. Halafu akatoa mfukoni kipande cha pamba, akakipitisha polepole kwenye shavu langu la kushoto, na alipoondoa mkono, nusu ya pamba ilikuwa imebaki kwangu.

"Umenyoa leo?"

"Ndiyo, afande!"

"Na nini?"

Ningesema ukweli hapo ningeruka kichura yakaisha. Nikasema, "Na mashine yangu, afande!"

"Vizuri," akasema. "Chukua hiyo mashine yako umalizie. Nangoja."

Nilichuchumaa. Nikashika mashine kwa vidole viwili, kwa heshima, nikavuta. Haikuja. Nikavuta tena. Ikaja, na taulo, na mbao, na mswaki, na sabuni, na kioo, vyote vimenyooka sawasawa. Sasa mtu mwenye akili angerudisha chini akaomba msamaha, lakini mimi (sijui ni shetani gani) nilisimama, nikainua ule ubao mzima mpaka usoni, nikaanza kujinyoa. Mashine haiwezi kuja kwa shavu, basi nikapeleka shavu kwa mashine. Mswaki unanidunga sikioni. Kwenye kioo naona jicho langu moja, kubwa, lina hofu. Na wembe ndani ya ile mashine haukuwepo, niliutoa kabla ya kuibandika, kwa hivyo nilikuwa nasugua chuma kitupu juu ya pamba huku nikisema, "Karibu kuisha, afande."

Nyuma yangu Ekai alitoa sauti kama mtungi wa gesi unaovuja.

Meja akaniomba ubao, akaugeuza chini juu, akautikisa. Hakikuanguka kitu, hata kikata kucha. Akaurudisha mikononi mwangu, akamgeukia Sajenti na kumuuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Huyu ndiye mfano?" Sajenti Mutuma akakunja uzi wake, akautia mfukoni. Hata hakunitukana. Hapo ndipo niliumia, kwa sababu mtu yule alikuwa amejivunia mimi mbele ya mkubwa wake na nilikuwa nimemvua nguo.

Hukumu ilikuwa kwamba mgeni wangu asiingie, na mimi nisimame getini siku nzima, ubao umefungwa kamba shingoni, na kila mgeni anayepita nimwelezee kila kifaa na kazi yake. Neno lingine lolote lisitoke mdomoni mwangu.

Jumamosi nikasimama. Wazazi wa watu wakapita, dada za watu (wale warembo walipita na kurudi mara mbili), na kila mmoja nikamwambia hiki ni kichana, ni cha kuchanua nywele. Sajenti alikaa kwenye kivuli cha kibanda cha getini akinisikiliza.

Mama alifika saa tano, ana vumbi la barabara mpaka kope, mkononi kopo la nyirinyiri, ile nyama ya kukaushwa na kukaangwa kwa samli. "Salaam aleikum," akasema, akanitazama kifuani. "Halake, wamekupa kazi ya kuuza duka?"

Nikafungua mdomo, nikamwona Sajenti. "Hiki ni kioo," nikasema. "Ni cha kujitazamia."

Akamgeukia mlinzi wa geti. Mlinzi akamweleza kwa kifupi kwamba niko kwa adhabu, siruhusiwi kuongea lingine, na yeye haruhusiwi kuingia. Nilijua sasa atageuka aende zake, na angekuwa na haki. Mama akaweka kopo chini, akakaa pale pale mchangani, mbele ya miguu yangu, akafunika kichwa vizuri na shali.

"Dada yako alizaa," akasema. "Kijana. Ako na masikio yako."

"Hii ni sabuni," nikasema. "Ni ya kuosha uso."

"Ile ngamia nyeupe ilipotea siku nne. Tulipata Jumatano."

"Huu ni mswaki." Sauti yangu ilikuwa inapanda yenyewe kwa furaha. "Ni wa meno!"

"Na mimi siku ile uliondoka sikuwa natafuta kitu ndani ya nyumba. Nilikuwa nalia. Sikutaka uende na machozi yangu."

Nikamaliza vifaa vyote saba, nikaanza tena, na tena, na kila nikitaja kimoja yeye ananipa habari moja ya nyumbani, mpaka kichana kikawa kinamaanisha nimekukumbuka na brashi inamaanisha nisamehe, na hapo ndipo nililia waziwazi, na pua pia. Baada ya muda Sajenti Mutuma akatoka kibandani na kiti cha plastiki, akakiweka karibu nami, akamwambia mama bila kunitazama, "Kaa hapa, mama. Hiyo mchanga inachoma." Alikaa hadi lori likapiga honi.

Tangu siku hiyo nimeapa, supaglu na mimi hatujuani. Vifaa vyangu navitumia, vimechakaa, brashi imebakiza nywele chache, na ukaguzi ukifika mkubwa akinionyesha na kidole kwamba kichana changu kimepinda, nanyoosha mgongo na kumjibu kwa sauti kubwa, "Ndiyo, afande, kimepinda."