Viganja vya Bi Mitsu

Kila vuli, sisi wa maabara moja pale Kanazawa, Japani, huwafanyia panya wetu waliokufa kwa majaribio ibada ya shukrani. Tunavaa nguo nyeusi, tunafukiza ubani mbele ya jiwe lao la kumbukumbu na kuwawekea vitonge vya wali vilivyopakwa maharage matamu. Mwenye kuviviringa ni Bi Mitsu, mama yake Daktari Igawa, mkuu wetu.

Mwaka huu vilikuja vimepondekapondeka.

"Mama jamani! Hivi ni vitonge au tope?" Igawa alimwambia mbele yetu sote. "Panya watasusa."

"Wamekufa hao, watasusa nini?" alijibu Bi Mitsu, mikono ameificha ndani ya shali.

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mjinga mimi.

Igawa akahutubia. Kwa miaka mingi anafuatilia jeni moja tu. Kazi ya jeni hiyo, alieleza, ni kupiga mbiu: hutoa kemikali inayoziita chembe nyeupe za damu zikimbilie penye jeraha. Mbiu ikikoma, uvimbe hushuka. Isipokoma, chembe hizo hujazana kwenye viungo na kuvila.

"Panya tuliowaondolea jeni hii walivimba kidogo tu," alisema. "Waliobaki nayo niliwapima vidole kila asubuhi. Hakuna uvimbe ulionipita, hata uwe mdogo vipi."

Kisha tukaunganisha viganja kusali. Viganja vya Bi Mitsu havikukutana. Vifundo vilikuwa vimevimba na kuwa vyekundu, vidole vimepinda upande. Alijaribu tena, akashindwa, akavirudisha upesi ndani ya shali.

Igawa aliona, na sisi tulimwona akiona. Wanaishi nyumba moja hao, wanakula meza moja. Uso ulimwiva kwa aibu, na karatasi ya hotuba ikamponyoka mkononi. Akaifuata ile mikono, akaitoa, na vidole vyake vyenyewe vikashika kifundo kwa namna anavyoshika mguu wa panya.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu nilipoacha kula kwa vijiti nikaanza kula kwa kijiko."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinicheka, mwanangu. Ulisema nimerudi utotoni."

Igawa aliinama mbele ya mama yake, chini kuliko tulivyowainamia panya, na hakuinuka mpaka Bi Mitsu alipomwambia basi, watu wanaangalia.