Noti Moja ya Mama

Baada ya baba kufa, mama alilipia nyumba kwa koo lake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na baba hakuwepo tena kazini. Mkubwa wa animasyo, kikundi cha kampuni cha kuimba na kucheza kumsifu Rais, alimwahidi kwamba tungebaki humo mradi aimbe. Basi kila jioni mama alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Wengi katika kwaya yetu ya parokia ya Kikula walikuwa kwenye vikundi kama hicho. Jumapili walifika koo zimekauka, na Misa ya ngoma na vigelegele ikawashinda. Ndipo mwalimu wa kwaya akatunga Misa nyingine, isiyo na ngoma. "Bwana, utuhurumie" ilirudiwa polepole kwa sauti chache, na katikati kukawa na kimya kirefu hata ungesikia mabati yakilia kwa jua.

"Mwalimu, iyi misa iko na noti tatu tu," alisema mzee mmoja wa besi. "Ingine uliuzisha ku soko?"

"Nimeandika kwa sauti yenye iko, papa. Yenye haiko nitaitoa wapi?"

Chini ya yote ilipita noti moja ndefu isiyokatika. Mwalimu aliikabidhi kwa mama na mimi. Tulipumua kwa zamu: yeye akivuta pumzi, mimi nashika, nikivuta mimi, anashika yeye. Mama aliomba Misa hiyo iimbwe Jumapili ya kutimiza mwaka tangu baba afe.

"Kule ninaimbia nyumba," aliniambia tukitwanga sombe, majani ya muhogo. "Huku nitaimbia baba yako."

Jumamosi, siku moja kabla, mgeni mkubwa alitarajiwa mjini. Tangu asubuhi wanawake wa animasyo walipangwa kando ya barabara, wakiimba kila gari lilipotokea. Mama alimwomba mkubwa amruhusu apunguze sauti.

"Citoyenne, unataka kuimba kama iko mufu ku nyumba?" aliuliza mkubwa; siku hizo kila mwanamke aliitwa hivyo, raia.

"Iko mufu," mama alisema.

Wenzake walicheka, wakidhani anatania. Mkubwa akamhamishia mstari wa mbele. Mgeni alipita jioni, vioo vya gari vimefungwa.

Kesho yake kanisani, noti niliianza mimi. Zamu yangu ya kuvuta pumzi ilipofika, nikavuta, na chini ya Misa pakabaki shimo. Nikageuka. Mdomo wa mama ulikuwa wazi, na hakikutoka kitu ila upepo. Nikairudia noti haraka. Tangu hapo nilivuta pumzi kidogo kidogo, kwa kuiba, lakini kila nilipovuta shimo lilirudi, na macho ya mama yalibaki palepale, juu ya altare.

Nje, mwalimu alikuja mbio, uso umemng'aa.

"Ile kimya mulitia katikati, mama, njo ile nilikuwa natafuta. Tutaimba vile siku zote."

Mama alijaribu kumjibu, koo likakataa. Akanishika mkono, tukashuka kuelekea nyumbani bila kuaga mtu.

Kwaya iliendelea kuimba hivyo, na watu wakaisifu. Mama hakurudi tena kwenye kwaya. Jumatatu ile ile jioni alisukutua koo kwa maji ya chumvi, akajifunga kitenge chenye uso wa Rais, akaenda mazoezini. Nyumba ilikuwa bado yetu.