Wacha Kalale

Kwetu Likasi tunapenda kuvifanya vitu vidogo: mtoto ni katoto, nyumba ni kanyumba, sufuria ni kasufuria. Ni lugha ya mapenzi. Nusura iniletee msiba, na mpaka leo sijui nilaumu lugha au kichwa changu.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Homa ilikuwa imemshika tangu jana yake, anatetemeka kwenye jua kali la mtaa wetu wa Kikula. Baba yake alikuwa machimboni Kambove, simu haipatikani. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuja asubuhi na fungu la majani ya artemisia, dawa ya homa, kutoka nyuma ya nyumba yake. Akayachemsha, akaitua sufuria ndogo chini, karibu kabisa na mkeka aliolalia mtoto. Kisha akajifunga kitambaa kichwani aende maombi.

"Wacha kalale," aliniambia, akielekeza kwa kidevu. "Usikaguse mpaka nirudie."

Yeye alionyesha sufuria. Mimi nikaona mkeka.

Nikaketi kulinda usingizi. Nilifukuza kuku, nikamfukuza hata jirani aliyechungulia kuuliza habari ya kituo cha afya, "Na ku santé hamuende?"

"Weye njo mama yake, ao minye?" nilimjibu, na ubaya wangu wote.

Lakini moyoni nilivurugika. Usingizi gani huu, mtoto hageuki, hataki hata maji? Nikimwamsha, nimemdharau mama mkwe, naye amezaa tisa, mimi mmoja tu. Nikasimama, nikaketi. Nikasimama tena. Mara macho ya mtoto yakageuka meupe, mwili ukakakamaa. Nilipiga ukelele, na yule jirani niliyemtukana ndiye aliyemfunga mtoto mgongoni mwangu na kunipandisha pikipiki.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alinikazia macho. "Mama, ulimupa majani gani? Sema kweli."

"Sikumupa kitu."

"Aa, bamama! Munafichaka sana!"

Jamani! Sijawahi kusema kweli tupu namna ile, wala kuonekana mwongo namna ile. Nilitamani hata ningekuwa nimempa, nipate cha kukiri. Damu ilionyesha malaria, nayo imepanda kichwani. Wakamtundikia maji ya dawa.

Mama mkwe alifika akikimbia, kitambaa mkononi.

"Kasufuria!" alilia. "Minye nilisema kasufuria! Majani itulie, nirudie, anywe, tumulete kumupima!"

"Ulisema kalale!"

"Ndiyo! Kasufuria kalale!"

Tulitazamana kama wajinga wawili. Nilimkasirikia, nikajikasirikia, kisha sikujua tena nani namkasirikia.

Kesho yake mtoto alifungua macho akaomba uji. Nilirudi nyumbani kuchukua nguo, nikaikuta sufuria palepale, imejaa. Nikanywa kikombe kizima, mimi nisiyeumwa, mpaka uchungu ukanitoa machozi. Hata leo sijui nilikuwa natibu nini.

Sasa binti ana miaka sita. Mama mkwe hajanilaumu hata siku moja. Ila ile "ka" aliiacha. Kwake sufuria ni sufuria, nyumba ni nyumba.

Juzi mtoto alimsimamia bibi yake mbele, mikono kiunoni.

"Nkambo, batu bote banaitaka batoto yabo katoto. Minye unaniitaka mutoto tu. Haunipendi?"

Mama mkwe akamvuta mapajani. Akanitazama mimi.