Dada wa Mgombea

Jumanne, tarehe tisa. Manyunyu tangu alfajiri. Redioni kulikuwa na mdahalo wa wagombea wawili wa udiwani: mama muuza vitambaa na kijana dereva. Sharti lilikuwa moja, kwamba anayetukana huzimiwa maikrofoni. Aliyekaa kwenye mitambo, upande wa pili wa kioo, alikuwa dada yake huyo dereva. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Muuza vitambaa alieleza habari za shule. Dereva akacheka.

“Jamani, huyu hajazaa hata mmoja. Uchungu wa watoto wenu ataujulia wapi?”

Dada mtu, ambaye naye hakujaliwa mtoto, alimzimia maikrofoni.

Kipindi kilipokwisha, mdogo wake alimfuata kwenye korido.

“Dada, ndiyo nini kuniumbua hewani? Ile siasa tu. Sikukusema wewe.”

“Najua. Hata hukunikumbuka.”

Kesho yake asubuhi alirusha tangazo la kampeni la mdogo wake saa ile ile iliyopangwa. Sauti ya mdogo wake ilipoanza kuita, “Mama zangu, dada zangu,” alipunguza sauti ya spika ya chumba cha mitambo, akasubiri tangazo liishe.