Siku Tuliyoshuka Luiche na Kaka

Kaka yangu ni mtu wa ziwa. Tangu apate kiharusi mkono wake wa kushoto umekuwa mzito, na daktari alimwambia apumzike. Apumzike! Mvuvi wa Ujiji akae barazani kusikiliza redio! Mwaka jana, masika yalipokuwa yanaisha, akatangaza kwamba atashuka Mto Luiche kwa mtumbwi wake, kutoka Kidahwe mpaka unapoingia ziwani. Akifika kwa nguvu zake mwenyewe, anarudi kuvua. Asipoweza, mtumbwi anauuza. Mkewe alinivuta jikoni akaniambia, "Nenda naye, wifi. Mimi nikienda tutagombana mpaka tuzame."

Tukaupakia mtumbwi kwenye pikapu. Kidahwe walitucheka sana. Mama mmoja aliyekuwa anachota maji aliuliza kama ziwa limehamia kwao. Kaka hakucheka. "Wewe leo ni mzigo," akaniambia. "Kaa nyuma, usiguse maji." Kasia la pili lilikuwamo, maana watu wa ziwa hatutoki na kasia moja, lakini amri ilikuwa likae chini ya miguu yangu. Yeye akakaa mbele aone visiki, akasema bismillahi, tukaondoka.

Mto wenyewe mwembamba. Miyombo imesogea mpaka karibu na ukingo, na mahali pengine matawi yanakutana juu ya kichwa. Nyani walitukemea wee, wakachoka. Kaka alipiga kasia kulia, kisha kushoto kwa shida, huku akipiga mluzi, mgongo umenyooka. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Kisha tukafika kwenye kona, maji yakaanza kukimbia. Sasa, mtu wa ziwa akiona maji yamechafuka hufanya jambo moja tu, hata ukimwamsha usingizini: anayageuzia uso wa mtumbwi. Wimbi halipewi ubavu. Basi kaka akaanza kugeuza kuelekea tulikotoka. Lakini maji ya mto yanakusukuma kutoka nyuma! Kabla hajamaliza kugeuza tukakingama, maji yakatubamiza kwenye mti ulioanguka, yakaanza kuingia ndani.

"Unafanya nini wewe?" nilipiga kelele. "Hapa ziwani?"

"Nyamaza, mzigo!"

Tukashuka, maji yakitufika kiunoni, mimi nawaza mamba na kumlaani kaka yangu kimoyomoyo. Akajaribu kuunasua mtumbwi. Mkono wa kulia ukashika. Wa kushoto ukateleza, akaurudisha, ukateleza tena. Akasimama anautazama mkono huo. Hasira zangu zote zikaisha pale pale, nikabaki na huruma, na huruma ile iliniuma kuliko hasira. Nikausukuma mtumbwi mimi.

Tukapanda tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umechoka kabisa, akawa anapiga kulia tu, na mtumbwi ukawa unakwenda kombo. Nikaokota kasia langu, nikalitia majini upande wa kushoto taratibu, bila kishindo. Mtumbwi ukanyooka. Baada ya muda kidogo kaka akaanza tena mluzi.

Hivyo ndivyo tulivyoshinda, yeye akipiga kulia, mimi nikiiba kushoto nyuma ya mgongo wake.

"Unaona?" akasema. "Unakwenda sawa."

"Naona, kaka."

Nilimdanganya, na sikujuta hata kidogo. Kama angeniuliza angefika vipi ziwani peke yake kesho yake, sijui ningejibu nini. Sikutaka kufikiria hilo.

Alasiri msitu ukaisha, matete yakaanza, upepo wa ziwa ukatupiga usoni. Mbele yetu ziwa lote, na mawimbi madogo yanavunjika mdomoni mwa mto. Kaka akaacha kupiga kasia. Hakugeuka.

"Sasa toa kasia lako majini," akasema.

Nikaganda. Kumbe alijua! Nikalitoa. Akapiga kasia kulia, akapiga tena, kwa nguvu zake zote, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mtumbwi ukazunguka polepole kuelekea kushoto, ziwa likabaki nyuma yetu, tukawa tunatazama mto tulikotoka. Kaka akaweka kasia magotini akavuta pumzi.

"Haya, rudisha kasia," akasema. "Tuupeleke ukauzwe, sasa ni mtumbwi wa watu."