Punda Asiyetaka Kupitwa

Ukitaka kuwaona wakimbiaji wenye medali wakijikokota kama wazee wanaotoka harusini, njoo barabara yetu ya Kapsiwon Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya viazi. Atatangulia punda, mitungi minne ya maziwa mgongoni. Nyuma yake atafuata shangazi yangu Jemosop, na nyuma ya shangazi kundi zima la kambi ya Kocha Bartilol, wamevaa majaketi ya nchi ambazo mimi nimeziona kwenye ramani tu. Wanapiga soga, wanacheka, na hakuna anayethubutu kumpita punda.

Punda anaitwa Spika, kwa sababu akisimama yeye, kila mtu hunyamaza na kusubiri.

Kwa muda mrefu niliamini hiyo ni sayansi ya Kocha. Wageni wakija kambini huwaambia, "Siku ngumu ni ngumu, siku nyepesi ni ya punda. Anayempita punda leo, siku ya mashindano atapitwa na kila mtu." Wageni wanaandika. Mimi ni mtu wa kuuliza, na mwalimu wangu wa Fizikia ameshachoka nami, kwa hiyo siku moja tukiosha mitungi nilimuuliza shangazi hiyo kanuni Kocha aliitoa wapi.

"Kanuni gani?" Alicheka mpaka akaketi. "Spika akipitwa hununa. Akinuna husimama. Akisimama, maziwa ya watu yanaganda barabarani na lori la maziwa linaenda zake. Mimi niliwaambia wale vijana wasiniharibie kazi, basi. Bartilol ndiye aliyeifanya iwe elimu."

Alisema maziwa ya watu, na ni kweli. Shangazi hana ng'ombe. Alikuwa naye mmoja, akafa kwa ugonjwa wa kupe mwaka nilioingia kidato cha kwanza. Tangu hapo anachukua maziwa ya majirani hadi kituo cha kupozea, na jioni ananunua ya pakiti dukani. Kwetu hilo ni jambo zito, ingawa hakuna anayelisema. Nyasi zimeota ndani ya zizi lake, naye kila Jumamosi huzing'oa, kana kwamba kuna mtu anayetarajiwa.

Halafu chama cha ushirika cha wafugaji kikatangaza sherehe zake, na marathoni ya kuzunguka vilima vyote vinavyoleta maziwa, kumalizia kituoni. Ruhusa ni kwa watu wa maziwa tu: wafugaji, wakamuaji na wachukuzi. Mwanamke wa kwanza angepewa mtamba mwenye mimba.

Shangazi alisoma tangazo ukutani, akafunga kamba za mitungi, akaondoka. Sikujua kama lilimgusa hadi niliposikia usiku ule akimuuliza mama, "Hivi mtamba mwenye mimba hula sana?"

Wiki hiyohiyo kambini aliingia kijana mpya, Kiplel, miguu mirefu na kiburi kirefu zaidi. Jumatatu yake ya kwanza alitazama ule mwendo, akacheka, "Mimi nilikuja kukimbia, sikuja kuchunga," akampita Spika.

Spika akasimama. Akashusha masikio. Walimvuta, walimsukuma, walimbembeleza kwa karoti. Na juu ya kilima, kwenye kituo, tukasikia honi ya lori: pooo!

Shangazi alifungua mtungi mmoja kutoka kwa Spika, akaufunga mgongoni mwake kwa kamba na leso, akapanda kile kilima cha mwisho mbio. Alimpita Kiplel njiani. Kiplel alijaribu kumfuata, na mbele ya wenzake wote akashindwa. Wengine wakagawana mitungi iliyobaki, na lori likasubiri.

Kocha alikuwa bado anatazama saa yake. "Jemosop, mtamba yule ni wako."

"Mtamba hakimbiliwi, Kocha. Mtamba hununuliwa."

"Huyu anakimbiliwa. Na wewe Kiplel, siku ambazo mama huyu atakuwa mazoezini, maziwa utapeleka wewe na Spika. Chunga sasa."

Miguu haikumsumbua shangazi. Miaka ya kupanda na kushuka na Spika ilikuwa imeshamjengea. Alipewa viatu vilivyotumika, na alichofundishwa ni kuongeza kasi kidogokidogo na kuanza kwa utulivu. "Mwanzoni kimbia kama mtu anayeficha kitu," Kocha alimwambia. Taabu ilikuwa kunywa.

Kazi ya chupa nilipewa mimi. Siku ya kwanza nilisimama kando ya barabara nimenyoosha mkono, shangazi akaja vizuri kabisa, akasimama, akaipokea chupa kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwanangu. Hujambo? Mama amekwisha kukamua?"

"Mama!" Kocha akapiga kelele kutoka kwenye pikipiki. "Hakuna kusalimiana mbioni!"

"Sasa nimnyang'anye mtoto chupa kama mwizi?"

"Nyang'anya!"

Siku ya pili alininyang'anya, lakini akainywa yote hadi tone la mwisho, maana kwao walilelewa kwamba kubakiza ni kumtukana aliyekupa. Hatua chache mbele yote ikarudi kwenye majani.

"Funda moja, umwagilie koo, tupa!" Kocha alikuwa karibu kulia. "Haba na haba!"

"Nitupe chakula?"

Na kinywaji chenyewe? Maji ya sukari na chumvi yalimchefua. Soda iliyotolewa gesi ilimpa kwikwi mpaka nyumbani. Mimi ndiye niliyefikiria uji wa wimbi, mwepesi kama maji, asali na chumvi kidogo, uliopoa. Huo tumbo lilikubali. Lakini hata siku ya mwisho ya mazoezi, akinyakua chupa, nilimsikia akinong'ona, "Asante."

Kuna jambo moja ambalo Kocha hakuliona, nami sikulitilia maanani. Katika mazoezi yote shangazi alikimbia nyuma ya mtu. Ukiongeza, anaongeza. Ukipunguza, anapunguza. Hampiti mtu kamwe.

Siku ya mashindano tishio lilikuwa Jelagat. Zamani aliwahi kukimbia ng'ambo, akarudi akanunua ng'ombe saba. Alikuja na miwani ya jua, na kulikuwa na mawingu.

"Jemosop! Umekuja kushindana au kupeleka maziwa?"

"Popote nitakapotumwa, dada."

"Basi nifuate, usipotee njia."

Ndivyo alivyofanya hasa. Bunduki ililia, wanawake wakateremka kile kilima cha kwanza kama maji yaliyovunja kingo, na shangazi akabaki nyuma akificha kitu chake. Kiplel alinibeba kwa pikipiki kutoka meza moja ya chupa hadi nyingine, na katika kila meza tuliwakuta wachache zaidi mbele yake. Wengine walikuwa wameketi kwenye nyasi wakiomba maji. Mmoja alikuwa akimlaumu mumewe.

Katika meza ya mwisho walitokea wawili tu. Jelagat mbele, uso umekunjamana, na nyuma yake hatua mbili shangazi, anapumua kama mtu anayechambua mboga.

"Mpite!" nikampa chupa. "Shangazi, amechoka, mpite!"

Akapiga funda moja. "Akinuna je?"

Haki ya Mungu, alisema hivyo. Niliona mtamba akienda kwa Jelagat, awe wa nane. Kiplel alishika kichwa. "Ni mimi," alisema, "ni mimi niliyemtia hofu ya kupita."

Tukawafuata kwa mbali. Kilibaki kilima kimoja, kilekile cha kila asubuhi. Jelagat alipunguza, shangazi akapunguza. Jelagat aligeuka kwa hasira, "Kwani mimi ni mama yako? Pita basi!" Shangazi akatikisa kichwa kwa heshima.

Ndipo dereva wa lori, alipowaona kwa mbali, akafurahi akapiga honi. Pooo!

Sijui kichwa chake kilifikiria nini, lakini miguu haikungoja. Kwa miaka yote ile lori la honi hiyo halijawahi kumwacha. Alimpita Jelagat kama siku ile ya mtungi mgongoni. Na Jelagat, alipoona kisigino cha mchukuzi wa maziwa kikimtangulia, akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni.

Shangazi akageuka, akarudi.

"La! La! La!" tulipiga kelele mimi na Kiplel.

Akafika mbele ya Jelagat, akampigia ulimi ule mlio anaompigia Spika, "Tk-tk-tk, twende mama, twende, tumekaribia," akampapasa bega.

"Mimi ni punda wako?" Jelagat aliruka, na hasira ikampa miguu mipya. Wakapanda kilima wote wawili, bega kwa bega, watu wakipiga vigelegele, dereva akipiga honi kama kichaa, na kila honi ilimsukuma shangazi mbele kidogo zaidi. Alivuka kwanza. Jelagat alifika nyuma yake akaanguka shingoni mwake, na sikujua kama anamkaba au anamkumbatia. Nadhani vyote.

Mtamba alizaa mvua zilipoanza. Asubuhi ya kwanza ya maziwa kuuzwa ilikuwa Jumatatu, nami nilikuwa likizoni, nikafuata nyuma. Shangazi alijaza mtungi wake mwenyewe, akaufunga kwa Spika upande wa kulia, akaugusagusa njia nzima. Alikuwa akiongea, akicheka, akisalimia mpaka miti. Kambi nzima ilijikokota nyuma yetu. Tulipofika kwenye kilima, kwa furaha tu, bila hata kujua, alichapua mwendo, akampita Spika.

Spika akasimama. Akashusha masikio. Watu wote wenye medali wakasimama.

Juu kituoni lori likapiga honi.

"Nani amempita?" Kocha aliuliza kwa ukali kutoka nyuma, na Kiplel, aliyekuwa amesubiri siku hii kwa muda mrefu sana, akanyoosha kidole.